Afadhali Angekuwa Padre

Mwaitu,

Nakuita hivyo kwa kuwa una jina la mama yangu, Mwende, na kwetu Ukambani baba humwita binti wa namna hiyo "mama yetu" bila kuona haya. Huko uendako watakupa jina jingine siku utakapovikwa shela. Hili langu lichukue vivyo hivyo, likae chini ya lile lao.

Mama yako amekwisha kukufundisha yote: sweta ipi ivaliwe juu na ipi chini, dawa ya tumbo imefungwa wapi, nani wa kusalimia kwanza ukifika. Sina la kuongeza hapo. Ninyi wawili mko chumbani mnafungua sanduku na kulifunga tena, nami nimebaki mezani na karatasi hizi. Nikisema kwa mdomo nitanyamaza katikati, unanijua.

Mchana uliniuliza mbele ya majirani, "Baba, mbona hufurahi? Wazazi wa wenzangu wanaoingia utawa wamefanya sherehe." Nikacheka, nikasema nimechoka. Ukweli ni kwamba sifurahi kwa sababu nimeishi chini ya kanuni tangu kabla hujazaliwa, na nimeona kile ambacho kanuni inaweza kufanya mkononi mwa watu wazuri. Sikuzuii. Nataka tu ujue ninachokijua mimi, hata kama hakitakusaidia.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza, "Baba, wewe ni padre wa Jumapili gani?" Mama yako alicheka mpaka ugali ukashika chini. Ulikuwa unaniona Jumapili moja kila mwezi navaa msalaba wa mti shingoni, nachukua kitabu cha sala na kutoka, na ukaamua kwamba siku hiyo ni zamu yangu ya upadre. Nilikwambia mimi si padre, ni mlei kama baba wa watoto wengine: nina mke, nina wewe, nina lori la mikate. Ila niliweka ahadi. Ukauliza, "Ahadi ya nini?" Sikuweza kukujibu. Acha nijaribu sasa.

Nilipokuja Nairobi nilikuwa kijana wa kuendesha gari la mtu mwingine na kulala chumba cha mtu mwingine. Jumamosi niliijua kila baa kutoka Kariobangi hadi hapa Dandora. Dereva mwenzangu mmoja, mzee wa maneno machache, aliniambia, "Mutua, njoo uone watu." Hakuniambia ni watu gani. Nikamfuata hadi darasa la nasari la parokia, nikakuta watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu, wanasali masifu ya jioni kama watawa. Kulikuwa na muuza mboga, karani, mama wa kufua nguo, bawabu. Waliitana ndugu na dada. Mimi niliyekuwa naitwa "we dereva" kuanzia asubuhi hadi jioni, nikaitwa ndugu.

Ndio ule utawa wa walei. Hakuna kuhama nyumba, hakuna kuacha ndoa wala kazi. Unalelewa kwanza, mwaka na zaidi, kama mnovisi, unafundishwa kanuni na sala, halafu unaulizwa mbele ya wote kama unataka. Ukisema ndiyo, ni ndiyo ya maisha. Tuliomba asubuhi na jioni, kila mtu mahali alipo. Mimi nilisali ndani ya lori nikingoja lango la kiwanda lifunguliwe, mikate ikinukia nyuma yangu, na sijawahi kuwa na kanisa zuri kuliko lile.

Lakini nikuambie ukweli kuhusu kilichonishika. Kilikuwa ile kofia. Tukimchagua mhudumu, yaani kiongozi wetu, kila mmoja aliandika jina kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia kwenye kofia. Padre alikuwapo, lakini hakupiga kura. Kwetu padre ni msaidizi wa kiroho: anafundisha, anaungamisha, anabariki. Hawezi kumweka mhudumu wala kumtoa. Udugu, yaani jumuiya yetu, una baraza lake, na juu yake kuna mabaraza mengine ya walei vilevile, hadi mbali. Wewe umesikia tu habari za kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea. Mimi nilisimama kwenye mlolongo mrefu, nikaona kwa macho yangu ule mfupi ukitangazwa mshindi, na chifu akituambia twende nyumbani. Kwa hiyo ile kofia kuukuu, ambayo jina lililoingia ndilo lililotoka, kwangu ilikuwa zaidi ya kofia.

Mwaka mmoja likatoka jina langu. Mimi, dereva. Nikawa mhudumu wa udugu.

Nafula ndiye aliyepiga vigelegele siku ile. Sina haja ya kukueleza mama yako wa ubatizo alikuwa nani, ila nataka umwone kama nilivyomwona mimi. Mjane kutoka Bungoma, fundi wa kushona, cherehani yake kwenye veranda ya duka, mdomo umejaa pini na bado anaongea. Ndiye aliyeshona mavazi yetu ya kuzikiwa. Unaijua desturi hiyo: tukiwa hai tunavaa msalaba tu juu ya nguo za kawaida, lakini aliyeweka ahadi huzikwa na vazi la kahawia, kamba nyeupe kiunoni, ili aliyeishi kama watu wote aende kama mtawa. Aliponipima alinizungusha kama mtoto. "Ndugu Mutua, usinenepe," aliniambia. "Nguo hii sijaiachia upindo wa kufungua." Alishona ya kila mtu, na mwisho akashona yake. Zote zilikaa kwenye kabati la udugu, na ufunguo alikuwa nao katibu wetu, Mulwa.

Kisha akaja paroko mpya. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye haraka, na aliona vikundi vingi mno katika parokia yake. Alikuja mkutanoni, akasimama katikati ya vile viti vidogo, akasema, "Kuanzia sasa kiongozi wa kikundi hiki nitamteua mimi."

Nikasimama. "Padre, sisi si kikundi cha parokia. Tuna wakubwa wetu."

"Na mnakutana kwenye darasa la nani?"

Nafula naye akasimama. "Darasa ni lako, Padre. Udugu si wako. Ukitufungia mlango tutakutana pale kwangu verandani. Kuna kivuli kizuri."

Watu walicheka, hata paroko akakosa pa kuweka uso. Mvutano ule ulituchukua karibu mwaka mzima. Nilikwenda mjini kwa baraza la juu, nikarudi, nikaenda tena, wakati mwingine na sare yangu ya kazi. Mwishowe mama mmoja wa baraza hilo alikuja mwenyewe, akamweleza paroko kwa adabu kwamba hana mamlaka hayo. Udugu unajitawala. Paroko alikubali. Tulinunua soda na mandazi, ninyi watoto mkaimba, na Mulwa akalia machozi akinishikilia bega. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi. Usimwambie mama yako.

Hapo ndipo nilipopotea, Mwende. Tulikuwa tumepigania uhuru wetu kwa nguvu nyingi hivi kwamba nikadhani huo uhuru ndio wema wenyewe. Sikuwahi kujiuliza tutaufanyia nini.

Nafula akaanza kukonda. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpelekea uji, ukirudi unasema, "Amekunywa nusu." Mume wake alikwenda kwa njia ileile na mtaa mzima ulijua, ila jina la ugonjwa hakuna aliyelitamka kwa sauti siku zile. Mkutanoni watu walianza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu. Yeye akaona, maana fundi wa nguo haachi kuona, na siku moja akasema, "Ndugu zangu, kama ni kikohozi, nitakaa karibu na mlango." Hakuna aliyemwambia asikae karibu na mlango. Hata mimi.

Alipolala kitandani, Mulwa aliitisha baraza. Alizungumza kwa upole, na hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke, kwamba alikuwa mpole. "Simhukumu dada yetu," alisema. "Lakini lile vazi ni ushuhuda. Watu wakituona tunamzika nalo mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo, watasema nini juu ya utawa wetu?"

Mama Syombua, yule bibi wa kuuza mboga, akamjibu, "Watasema tumemzika dada yetu."

"Na vijana tunaowalea? Tuwafundishe nini?"

Nilisema niliyoyasema. Nilisema aliweka ahadi kama sisi. Nilisema kanuni haitaji ugonjwa wowote. Mulwa akasema kanuni inaliachia baraza mambo ya desturi za mahali, na alikuwa sahihi. Tukapiga kura kwa ile kofia. Mimi na Mama Syombua tulishindwa kwa kura moja.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ufunguo uko kwa Mulwa?"

"Eeh."

"Si ulivunje hilo kabati! Una mikono ya nini?"

"Siwezi. Ni uamuzi wa baraza."

"Basi nitanunua kitambaa Gikomba nishone jingine."

"Vazi lisilo na idhini ya udugu ni nguo tu," nilimwambia.

"Basi na iwe nguo tu, Mutua. Yeye atavaa nguo."

Nilimkataza. Nilisema nitazungumza na wale watatu waliotushinda, mmoja mmoja, watabadilika, tupewe muda tu. Nilizungumza nao. Walinikaribisha, walinipa chai, wakanisikiliza. Hakubadilika hata mmoja.

Halafu paroko akaja hapa nyumbani, na hapo hadithi unaijua, maana ulikuwa umesimama na birika mkononi. Alikaa kwenye hiki kiti ninachokalia. Alionekana mtu aliyekosa usingizi. "Mutua," alisema, "nimesikia mlichoamua. Sina haki ya kuwaingilia, mlinifundisha hilo. Lakini wewe ni mhudumu. Uniombe tu. Sema, 'Padre, tusaidie,' nami nitasimama Jumapili altareni niseme huyu mama atazikwa na vazi lake. Hawatanipinga."

Nami nikamwambia, "Padre, huu si uamuzi wako."

Uliiweka birika chini ukatoka nje. Kwa wiki nyingi baada ya hapo hukuniita baba. Ulipotaka kitu ulimwambia mama yako, naye akaniambia mimi niliyekaa papo hapo. Sikukulaumu wakati ule, wala sikulaumu leo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimjibu vile. Kiburi kilikuwamo, nakiri. Alikuwa ndiye niliyemshinda, na sikutaka aingie kwa mlango niliomfungia. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia: niliwaza kwamba nikimruhusu leo aamuru jema, kesho ataamuru baya na sitakuwa na mdomo wa kumkataza. Hata leo, Mwaitu, sijaona kosa katika hoja hiyo. Hilo ndilo linalonitisha. Nilifuata hoja iliyonyooka, ikanifikisha kwenye kitanda cha Nafula nikiwa mikono mitupu.

Maana mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Ni kazi ya mhudumu. Chumba chake kilikuwa kimefagiliwa, cherehani imefunikwa shuka, dirisha limefungwa kwa sababu ya moshi wa jalala. Nilianza na salamu, nikazunguka, nikataja kanuni. Akanikatiza.

"Ni padre amekataa?"

"Hapana, Dada. Ni sisi."

Niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Kisha akasema, "Afadhali angekuwa padre."

Nikamwambia nilipiga kura upande wake.

"Najua. Nilijua utafanya hivyo." Hakusema kwa kunisifu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Halafu akasema, "Mwambie Mama Mwende aje anitolee lile gauni la maua. Lakini alipige pasi."

Alikufa wiki ileile. Wakwe zake Bungoma hawakutaka mwili, kwa hiyo tulimzika Lang'ata, na mvua ilikuwa imefanya udongo mzito hata wachimbaji wakawa wanapokezana. Ulishika msalaba mbele ya jeneza. Udugu ulikuja karibu wote, Mulwa pia, na waliimba vizuri, wakatupia maua. Kati yao hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Nimetafuta mbaya miaka hii yote ili nipumzike, sijampata.

Niliacha uhudumu. Nilikwenda tena mjini kwa yule mama wa baraza la juu aliyetutetea, nikamweleza yote, nikamwomba atuambie tulikosea. Alilia kidogo, kisha akanishika mkono. "Ndugu Mutua, nami ninaumia. Lakini udugu wenu una uhuru wake. Mlitutaka tuulinde." Nikamshukuru, nikarudi kazini, nikapeleka mikate.

Labda unangoja nikuambie kwamba Mulwa aliadhibiwa. Hakupatwa na kitu. Ndiye mhudumu sasa, na huongoza vyema, na kesho atakuja kukuaga na kukupa rozari. Ipokee. Paroko wetu alihamishwa, wala sikuwahi kumtafuta nimwambie kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa mwenye haki. Mama Syombua amezeeka, hasikii tena. Wengine wamehamia makanisa ya mahubiri ya vipaza sauti. Tuliobaki tumepungua, na bado mtaani wanakufa wengi kwa ugonjwa uleule, vijana niliowaona wakicheza mpira hapa nje, na udugu hauna la kuwaambia.

Baada ya maziko ya Nafula ulimwambia mama yako kwamba utakuwa mtawa, mtawa kamili wa konventi, kwa sababu huko watu hawafichi mgonjwa nyuma ya kura. Nilikusikia kutoka chumba cha pili. Sikukusahihisha, kwa kuwa ulikuwa na uchungu. Sasa umekua. Huko pia kuna kanuni, na mkuu, na baraza la mkuu, na desturi za nyumba. Kuna masista wapole watakaosema, "Watu watasema nini?" Huenda siku moja ukawa mmoja wao. Sidhani huko ni tofauti. Ningependa kukuambia ni tofauti.

Wala sina dawa ya kukupa. Nimefikiri kukuambia uvunje kabati, lakini mimi sikulivunja, na sijui kama mtu anayevunja makabati anaweza kukaa na wenzake hadi uzee. Nimefikiri kukuambia utii, lakini niliwahi kutii. Ningekuwa na uhakika na kimoja kati ya hayo ningekiandika kwa herufi kubwa. Ninachojua ni kidogo: siku ile, aliyekuwa sahihi alikuwa mama yako, ambaye hakuwahi kuweka ahadi yoyote na hajui kanuni hata mstari mmoja, naye nilimnyamazisha. Hatujawahi kulizungumzia. Ukiwa huko, mwandikie yeye zaidi kuliko mimi.

Utaniuliza kwa nini sikutoka. Niliahidi maisha yangu yote, na ingawa ahadi yenyewe imebaki ganda tupu, sijui kuwa mtu aliyeiacha. Bado nasali asubuhi ndani ya lori. Nasoma zaburi kama mtu anayesoma majina ya vituo njiani. Wakati mwingine namwona Nafula na pini zake mdomoni. Mungu simwoni. Nakwambia hili kwa sababu unakwenda kumtafuta, na si haki uende ukidhani baba yako alimpata.

Jambo la mwisho. Kuna mwanamke kijana kutoka Kware, ameolewa juzi tu, amekuja kuomba kuingia udugu. Mulwa amenipa mimi kazi ya kumlea kila Jumapili, labda kwa wema. Jumapili iliyopita, tukiwa tunatoka, aliniuliza, "Ndugu Mutua, mtu akianguka, udugu unamshika?" Nilisema mvua inakuja, tuongeze mwendo. Wiki ijayo ataniuliza tena, ana macho ya mtu asiyesahau. Nikimwambia kweli ataondoka, na sisi tutakuwa tumepungua mmoja zaidi. Nisipomwambia, atakaa.

Wewe nimekuambia, na bado najua asubuhi utakwenda.

Ni mimi baba yako,
Mutua